Busu la Mlangoni

Mtaani walimwita Bibi Busu, kwa sababu hakuna mtoto aliyevuka kizingiti cha kituo chake cha kulelea watoto asubuhi bila kubusiwa kwenye paji la uso. Wageni walidhani ni mapenzi. Mapenzi yalikuwepo, lakini busu lile lilikuwa kazi: kwa midomo yake alipima homa. Mtoto mwenye joto alirudishwa kwa mama yake pale pale, hata mama akilia machozi.

Kituo chenyewe kilikuwa sebule yake. Makochi yalishaondolewa zamani. Sakafuni palitandikwa mikeka ya plastiki, ukutani palikuwa na misumari ya kutundikia mifuko, na pembeni, chini ya dirisha, palikuwa na kitanda cha fito alimolala mjukuu wake. Binti yake alifanya kazi mji mwingine. Alipomwacha mtoto alisema, "Mama, nimekuachia macho yangu," akaondoka upesi asije akarudi nyuma.

Wiki ile surua ilikuwa imeingia mtaani. Nesi wa zahanati alipita kituo kwa kituo, akamkuta Bibi Busu hana wasiwasi.

"Wangu wote wamechanjwa," alisema, akimpandisha mtoto mmoja mkono wa shati. "Simpokei mtu bila kuona kovu la begani."

Nesi alishusha pumzi. "Bibi, kovu hilo ni la chanjo ya kifua kikuu, wanachomwa wakiwa wachanga. Ya surua haiachi alama. Nayo huanza mtoto akifikisha miezi tisa." Akatazama kitanda cha fito. "Huyu je?"

"Bado."

"Basi wenzake ndio ukuta wake. Wakichanjwa wote, surua haina pa kupenya. Akikosa chanjo hata mmoja, hapo pana tundu."

Bibi Busu alicheka, kicheko cha mtu aliyekalia mwiba. Nesi akaahidi kurudi kesho yake na sanduku la chanjo.

Kesho yake Bibi Busu alisimama mlangoni kama askari. Alibusu, akasikiliza kwa midomo, akapitisha. Wa mwisho alikuja Mama Mbio, mfua nguo wa hoteli, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akitembea. Alikuwa amembeba mwanawe, Kifungo, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya kitovu chake cha duara.

"Shikamoo Bibi! Chukua mtu wako, nimechelewa, msimamizi leo atanitafuna mbichi."

"Marahaba. Mlete nimwone."

Akabusu. Baridi. Akashukuru Mungu, akampisha. Mama Mbio akatoka mkuku, naye Kifungo akaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha fito, kama kila asubuhi, kumpa mdogo kidole akishike.

Bibi Busu akabaki na kitu midomoni. Akailamba. Haikuwa chumvi ya jasho. Yalikuwa maji. Akakumbuka nywele za mbele zilizolala, na kola ya shati iliyolowa, na nje hapakuwa na hata dalili ya mvua.

"Kifungo!"

Mtoto alishapenyeza uso kati ya fito. Akageuka, macho mekundu, akakohoa.

Bibi Busu aliivuka sebule kwa mruko ambao magoti yake yalikuwa yameshausahau. Akamnyanyua, akaweka midomo nyuma ya sikio. Kama amebusu birika! Na hapo hapo, chini ya nywele, vipele vidogo kama mchanga. Akamtoa nje barazani, akapaza sauti hadi Mama Mbio akasimama kwenye kona, akarudi.

"Umemwosha paji la uso."

"Watoto huoshwa uso, Bibi."

"Umemwosha ili unidanganye!"

"Usinipigie kelele njiani! Kibarua changu kikiota nyasi utanilisha wewe? Na kovu si uliliona mwenyewe, ukasema safi?"

Neno hilo lilimwingia Bibi Busu hadi kwenye mfupa. Akapunguza sauti. "Nilisema. Nilikosea. Ya surua alichomwa?"

Mama Mbio alimtazama mwanawe. "Siku yake niliingia zamu. Nikasema wiki ijayo. Halafu wewe ukasema safi."

Hivyo ndivyo nesi alivyowakuta, wamesimama kila mmoja ameshika mkono mmoja wa mtoto. Alimpeleka Kifungo zahanati, akarudi, akawachanja waliokuwa hawajapata ya surua, kisha akauliza umri wa mjukuu.

"Miezi saba."

"Surua ikiwa mtaani tunaruhusiwa kuwawahisha. Huenda chanjo ikaiwahi, huenda isiiwahi. Na akifika tisa, atarudia."

Sindano ikaingia. Kitoto kikalia, na bibi yake akalia nacho.

Kituo kilifungwa. Aliposimuliwa kwenye simu, binti yake alisema tu, "Niambie kila asubuhi." Kila asubuhi Bibi Busu aliweka midomo nyuma ya kile kisikio, akapiga simu, akasema neno moja: "Baridi." Asubuhi moja midomo ilikuta joto. "Mama? Mbona husemi?" Alimfungua nguo zote dirishani, akaukagua mwili ule mdogo kama anayetafuta pini kwenye zulia. Hakuona kipele. Nesi alisema huenda ni chanjo yenyewe inafanya kazi, tusubiri. Walisubiri. Siku iliyofuata simu iliita mara moja tu kabla ya kupokewa.

"Baridi, mwanangu. Baridi kabisa."

Nesi alipomruhusu kufungua tena, wa kwanza kufika alikuwa Mama Mbio, akitembea. Kifungo alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa meupe.

"Msimamizi alinitafuna kweli," alisema mama, "ila akanitema. Bibi, leo sijamgusa na maji. Tazama, ana tongotongo, na maziwa ya jana yamekauka kidevuni."

"Umeniletea mtoto mchafu hivi?"

"Nimekuletea mtoto wa kweli."

Bibi Busu akambusu paji la uso, akambusu nyuma ya sikio. Kifungo, kwa mazoea, akapandisha mkono wa shati kuonyesha bega.

"Shusha, baba. Bega halina la kuniambia."

Mtoto akachungulia ndani, kuelekea dirishani. "Mdogo yupo?"

"Yupo," alisema Bibi Busu. "Nenda. Lakini kwanza unawe."