Rasta za Dada

Saluni ya hapa Msamvu inanuka rasta zinazochomwa ncha kwa kiberiti, na harufu hiyo hunirudisha nyumbani kwetu Kinole, siku niliyomsemea dada yangu kwa baba.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kwake kusuka rasta kulikuwa dhambi. Dada alisuka kwa ajili ya harusi ya rafiki yake, akazificha chini ya kitambaa. Niliziona alipokuwa anaoga mtoni. Kanisani watoto tulifundishwa kwamba anayeficha dhambi ya mwenzake naye ametenda dhambi, basi nikamwambia baba.

“Umeziona mwenyewe?”

“Nimeziona, baba.”

Alizikata kwa mkasi, nywele na ngozi humo humo, akazitupa kwenye moto wa jikoni. Mimi ndiye niliyemshika dada kichwa.

“Baba nisamehe, nitazifumua mwenyewe,” alilia. Nikakaza mikono.

Mchana huo mama alipika kuku. Baba alichukua firigisi, ambayo siku zote ilikuwa yake, akaniwekea kwenye sahani.

“Hii ni ya mtoto anayempendeza Mungu.”

Dada alikaa mbele yangu, damu ikimchuruzika nyuma ya sikio. Niliila yote, taratibu.