Aliyefungua Mwalo

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Juzi uliniletea fomu yako ya kuombea chuo ukaniuliza, "Mama mkubwa, hapa wanapotaka nieleze jambo nililoliongoza, niandike nini?" Nilikwambia ungoje. Unajua nina msiba, na mwenye msiba huchelewa kuyapata maneno. Leo nimeyapata. Usitegemee makubwa, mimi niliishia kidato cha nne.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, kijijini kwetu upande wa Kamanga, ng'ambo ya Mwanza mjini. Ilikuwa miaka ya tisini, viwanda vinauzwa na watu wanapunguzwa kazini. Mmoja wa waliopunguzwa alikuwa Mzee Masalu, aliyekuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha kuchambua pamba. Alirudi nyumbani na baiskeli, redio, na tabia yake ya kufika kila mahali kabla ya saa. Wenzake walikaa wakilaumu, na sababu walikuwa nazo. Yeye alituita vijana sita tuliomaliza shule. Akatuambia kwamba zamani serikali ilikupangia pa kwenda, lakini sasa utajiombea mwenyewe, na huko vyuoni watataka kujua kama unaweza kusimama mbele ya watu. Fomu zilihitaji mdhamini. Alikubali kutudhamini sote, kwa sharti moja: angesaini lile tu aliloliona kwa macho yake.

Mwaka ule gugumaji lilikuwa limefunga mwalo wetu, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa. Wewe umeliona mafungu mafungu. Sisi tuliliona likiwa shamba zima, kijani kitupu kutoka ufukweni hadi macho yachoke, ndege wanatembea juu yake kama kuku uani. Mitumbwi ilikaa nchi kavu. Akina mama waliyapekua majani ili wapate ndoo moja ya maji.

"Fungueni mwalo," Mzee Masalu alisema. "Minza ataongoza. Ijumaa jioni nasaini fomu, Jumamosi zinavuka kwenda mjini. Baada ya hapo hazipokelewi."

Minza ndiye mimi. Nilichaguliwa kwa sababu ya sauti, na debe tupu haliachi kuvuma.

Jumatatu niliwapanga watu: hawa wakate kwa panga, hawa wavute kwa reki, hawa wabebe. Mimi nilisimama juu ya jiwe nikiwa na daftari. Mpaka saa sita tulikuwa tumefungua eneo la kutosha mitumbwi mitatu. Saa tisa upepo ukageuka ukatoka ziwani, na gugumaji likarudi taratibu likakaa mahali pake, kama mgeni aliyetoka nje mara moja. Jumanne vilevile. Jumatano mama mmoja muuza dagaa alipita na beseni lake kichwani akasimama.

"Mwenyekiti," aliniita, "palizi ya jana umevuna nini?"

Wote walicheka, hata wa kwangu. Nikaongeza sauti.

Jioni ile Kabula alinifuata. Alikuwa mmoja wetu sisi sita, msichana aliyeongea kama anayeomba radhi. Bibi yake alikuwa hajiwezi, kwa hiyo kila alfajiri yeye ndiye aliyekwenda ziwani kuchota maji.

"Dada Minza, tusikate," aliniambia. "Alfajiri upepo unatoka milimani kwenda ziwani. Hili gugu linakuwa jepesi, linataka kuondoka lenyewe. Tukilisukuma saa ile, halafu tukafunga miti na kamba pale mdomoni mwa mwalo, mchana halitarudi."

Nilimsikia vizuri, mwanangu. Nataka ulijue hilo. Nilimsikia, na moyoni nilijua kwamba mtu anayeingia majini kila alfajiri anajua kuliko mimi niliyekuwa nimelala. Nikamjibu, "Kazi hii nimepewa mimi. Zamu yako itafika."

Alhamisi tulikata tena. Walikuja wawili tu.

Ijumaa niliamka jua halijatoka, kwa hofu ya fomu yangu. Nilipofika mwaloni nikakuta watu kama thelathini wamesimama majini, maji kiunoni, kila mmoja na mti mrefu mkononi. Wazee wawili wavuvi walikuwemo, na yule mama wa dagaa. Kabula alikuwa amepita nyumba kwa nyumba jioni, akimwomba kila mtu mti mmoja na saa moja. Alikuwa mbele yao, amelaza kiganja juu ya majani kama unavyompapasa ng'ombe kabla ya kumkamua.  Walikuwa wanamngoja yeye, na yeye alikuwa anangoja upepo.

Ukaja. Niliusikia shingoni, baridi, ukitoka milimani.

"Haya," Kabula alisema, si kwa sauti kubwa.

Wakasukuma. Mwanzoni halikutikisika. Kisha shamba lote likaondoka kwa pamoja, bila kelele, na ndege wake juu. Nyuma yake maji yakafunguka, meusi kwanza, halafu yakashika rangi ya mbingu. Mzee mmoja mvuvi alivua kofia. Nimeishi kando ya ziwa hili maisha yangu yote, na sijaona tena kitu kikubwa kiasi kile kikimtii mtu mpole kiasi kile. Nikakaa mchangani.

Wakafunga miti na kamba. Mchana upepo wa ziwani ulirudisha gugu mpaka pale kwenye miti, likaishia hapo.

Jioni nilijaza fomu. Niliandika: "Niliongoza vijana wa kijiji kufungua mwalo." Mzee Masalu aliisoma taratibu, akanirudishia.

"Msomee mwenzako hapa," alisema. "Akikubali, nasaini."

Nilisoma mbele ya Kabula. Alitazama chini, akasema, "Ni kweli mzee, alikuwa amepewa yeye."

Angenikana ningeshindana naye. Kwa kunisitiri, alinimaliza. Nilichukua kalamu nikakata mstari ule, nikaandika: "Nilipewa kuongoza, nikakataa kusikia. Aliyefungua mwalo ni Kabula." Fomu ilichafuka, na nyingine haikuwepo.

Mzee Masalu alisaini. "Hili nimeliona kwa macho yangu," alisema.

Kabula alichukuliwa chuo cha uuguzi. Mimi sikuchukuliwa. Sitakudanganya kwamba ukweli ndio ulioninyima, kwa sababu alama zangu nazo zilikuwa ndogo, wala sitasema haukuniuma. Uliniuma miaka mingi. Lakini fomu ile sijawahi kuionea aibu.

Kabula ndiye tuliyemzika mwezi uliopita. Ulikuwepo, uliona wauguzi wa rika zote waliokuja, na jinsi kila mmoja alivyosema kwamba yule muuguzi wao mkuu alimsikiliza. Nililia kwa sababu nimempoteza, na kwa sababu mimi nilianza kuliona hilo kabla yao, asubuhi ile mwaloni.

Basi mwanangu, kuhusu fomu yako. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Andika jambo ulilolifanya kweli, hata likiwa dogo, hata kama hukulishinda. Ukiwa umeongozwa na mwenzako, mtaje jina lake. Na siku utakayokabidhiwa watu, kabla hujapanda juu ya jiwe, uliza ni nani kati yao anayeingia majini kila alfajiri, kisha umpishe aseme. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mara nyingi zako hazitoshi kusuka kichwa cha kijiji.

Nenda ukaandike. Mungu akupe sikio kabla hajakupa sauti. Akupe wenzako watakaokusitiri, na moyo wa kutokubali kusitiriwa kwa uongo. Wakikuchukua, uwe wa kufaa watu. Wasipokuchukua, rudi nyumbani bila kuinamisha kichwa, utanikuta.