Vijiti vya Mlinzi wa Geti

Mahari ya mdogo wangu wa kiume iliishia ng'ombe kumi na mmoja, mbuzi wawili, blanketi la mama mkwe na koti la baba mkwe. Nimehesabu, nikarudia. Ng'ombe kumi nawaelewa, kila mmoja alikwenda kwa sababu yake. Huyo wa kumi na moja alikwenda kwa ajili ya mlinzi wa geti ambaye si ndugu yetu, hajawahi kukanyaga Kagera, na wala si mtu wa kweli.

Ni mtu wa kwenye mchezo. Ule mchezo wa zamani wa kuchekesha, wa nyumba ya kupanga, ambao televisheni iliuonyesha mpaka ikachoka, na sasa watu wanaurusha kwenye flashi pale mnadani kama wanavyorusha nyimbo. Steringi wake ni mwenye nyumba, mtu mnene wa suti. Sijawahi kukutana na mtu anayempenda steringi yule. Watu wanavumilia maneno yake wakisubiri wale wa pembeni waingie: mlinzi wa geti, mjane wa chumba cha nyuma anayekuja kuazima chumvi, na fundi cherehani ambaye tangu mchezo uanze anashona suruali moja.

Nyumbani kwetu Bugarama sisi ni watu wa mlinzi. Baba alikuja kutoka Burundi akiwa kijana, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: "bei gani" na "punguza". Maneno ya mchezo hakuyapata. Lakini mlinzi haongei sana. Anamulika tochi isiyo na betri na kupiga kelele, "Nimekuona!" Anamshikia mwizi ngazi isiteleze, kisha anamdai asaini kitabu cha wageni. Hilo halihitaji mkalimani. Tulikuwa tukienda kutazama kwa mwenye duka, baba anakaa mbele na fimbo yake, na mlinzi akitokea tu baba anaanza kutingisha mabega kabla ya kituko chenyewe.

Baba alifariki, na mimi mkubwa nikabaki na kazi zake zote, ikiwemo ya kumwozesha mdogo wangu. Huyu mdogo wangu hakutafuta jirani. Alikwenda kupenda Nyabusozi, huko Biharamulo, kwa Wasukuma waliohamia na mifugo kutoka upande wa Shinyanga. Wao wakisema ng'ombe wachache, sisi kwetu hiyo ni tarafa nzima.

Tukajikusanya. Wa nyumbani sita, wa shangazi wawili, mmoja wa mama, mmoja tulinunua kwa maharage ya msimu mzima. Kumi. Nilimweka mdogo wangu chini nikamwambia, "Ni kumi. Wakidai mmoja zaidi, tunarudi nyumbani na wewe unaoa jiko la mkaa."

"Kaka, wewe mbuzi wa elfu sitini huwa unampata kwa arobaini."

"Mbuzi hana baba mkubwa."

Hakucheka. Alikuwa ameshasikia kwamba kuna mchuuzi wa ng'ombe wa Runzewe aliyekwisha kupiga hodi kwa wale watu, na mchuuzi huyo zizi lake halina mwisho. Kama sisi tungeshindwa, yeye angeingia wiki hiyo hiyo. Mdogo wangu alikuwa amekonda kwa jambo hilo mpaka mkanda ukaongezwa tundu.

Tulikwenda watatu: mimi msemaji, mdogo wangu ambaye kwa desturi hatakiwi kufungua mdomo, na baba mdogo wetu, ambaye alikuja kuongeza mvi kwenye ujumbe. Tulipofika tulitoa shikamoo kwa kila aliyestahili, na baadhi yao mara mbili kwa usalama. Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa binti, mzee mrefu mwenye sauti ya chini. Alitandika ngozi katikati ya uwanja, akaweka fungu la vijiti.

Kwetu posa inakwenda kwa pombe ya ndizi na maneno. Unaweza kukubali jambo asubuhi ukalikana mchana, na hakuna ubaya mpaka mtungi wa mwisho uishe. Wale wenzetu wana vijiti. Kijiti kimoja, ng'ombe mmoja.

"Sisi tunaweka, nyie mnatoa," baba mkubwa alieleza. "Kilichobaki kwenye ngozi ndicho mahari."

Nikasema nimeelewa. Nilielewa nusu.

Aliweka thelathini. Baba mdogo akashtuka hadi kofia ikadondoka. Mimi nikaanza kazi. Nilitoa vitano kwa sababu ya umbali. Nilitoa vinne kwa sababu barabara ya kupita Lusahunga ina malori, na ng'ombe wakitembezwa wanakonda. Nilitoa viwili kwa kuwa binti atakula ndizi, na ndizi zinanenepesha, kwa hiyo watarudishiwa akiwa na kilo zaidi.

"Huyu mtoto wa nani?" mzee mmoja wa kwao aliuliza.

"Huyu ni wa mnadani," baba mkubwa akasema. "Mwacheni, nataka nione anafika wapi."

Nilifika kumi. Sikuamini, nikahesabu tena kwa macho. Kumi kwenye ngozi, ishirini pembeni ya goti langu. Mdogo wangu alikuwa anatazama chini, lakini masikio yalicheka. Baba mkubwa akasema tule kwanza, kisha tutarudi kwenye ngozi tufunge kwa mikono miwili. Vijiti visiguswe.

Basi tukaletewa wali na nyama palepale uwanjani. Ndani ya nyumba walikuwa na sola na runinga ndogo, na watoto wakawasha. Nikasikia muziki wa ule mchezo. Halafu ile sauti: "Nimekuona!"

Nikacheka kabla sijameza. Baba mkubwa akageuka.

"Kumbe unamjua?"

"Namjua? Baba mkubwa, yule mlinzi ndiye mchezo wenyewe. Wengine ni viti tu."

Wazee wakaacha kutafuna. Nilidhani nimesema tusi.

"Mwanangu," akasema polepole, "una akili ya biashara ya ng'ombe lakini huna macho. Mchezo ule ni wa mjane."

"Yule wa chumvi?"

"Yule wa chumvi! Anaingia kuazima chumvi anatoka na sufuria. Umewahi kuona mlinzi wako akitoka na kitu?"

"Mlinzi si kazi yake kutoka na kitu!"

"Ndiyo, kazi yake ni kuzuia, na tangu mchezo uanze hajazuia hata kuku."

Wazee wa kwao wakacheka, wakapigana mapaja. Baba mdogo wangu naye akacheka, msaliti. Sasa mimi kwenye ubishi ni kama kwenye biashara: sitoi neno bila kuweka mzigo mezani. Nikafuta mikono, nikasogea mbele.

"Ngoja nikuhesabie," nikasema. "Kituko cha ngazi." Nikachukua kijiti kimoja kutoka lile fungu la pembeni ya goti langu, nikakilaza mbele yake. "Tochi isiyo na betri." Kijiti. "Siku alipolala wima, macho wazi, akawa anajibu 'nani?' usingizini." Kijiti. "Siku alipomkopesha mwenye nyumba hela ili mwenye nyumba aweze kumlipa mshahara." Hicho nilikipigilia kwa mkono, kwa sababu ni kituko kikubwa. Nikaendelea mpaka saba, na cha saba kilikuwa kile cha geti lisilo na ukuta.

Kadiri nilivyoweka ndivyo walivyozidi kunyamaza. Nikaona nawashinda. Mdogo wangu alianza kukohoa, nikadhani ni pilipili.

"Umemaliza?" baba mkubwa aliuliza.

"Nimemaliza. Saba. Lete mjane wako."

Akashika kifua, akainamisha kichwa kunishukuru kwa heshima kubwa. "Wabeja sana, mwanangu. Wabeja." Wazee wote wakapiga makofi. Mwanamke mmoja jikoni akapiga vigelegele. "Jamani," baba mkubwa akawaambia, "mmeona mtu mwenye moyo? Tumekubaliana kumi, yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ameongeza saba. Kumi na saba!"

Nikatazama chini. Nilikuwa nimevilaza kwenye ngozi.

"Baba mkubwa, mimi nilikuwa nahesabu vituko!"

"Kwenye ngozi hatuhesabu vituko. Tukiweka sisi, nyie mnatoa. Mkiweka nyie, hiyo ni heshima yenu, na heshima hairudishwi mfukoni."

Baba mdogo akaegemea sikio langu. "Turudi nyumbani?"

Nilimtazama mdogo wangu. Hakuruhusiwa kusema, ila alikuwa ameshika mkanda wake pale kwenye tundu jipya. Alikuwa anauona mkono wa yule mchuuzi wa Runzewe ukifungua geti la zizi. Nimewahi kupunjwa mnadani, nimewahi kuuziwa debe lenye kitako cha uongo, lakini sikuwahi kujipunja mwenyewe mbele ya mashahidi.

Wakati huo binti akaja na birika la maji kutunawisha. Alipofika kwangu aliinama, akamimina maji kidogo kidogo ili apate muda.

"Shemeji," akanong'ona, "nakuomba. Huyo mlinzi muache afe."

Nikanawa. Nikakohoa. Nikasema, "Baba mkubwa, heshima hairudi mfukoni, sawa. Lakini mtu akigundua kwamba amesema uongo juu ya ngozi, uongo wake unakaa hapo?"

Akanitazama sana. Nadhani alikuwa amenisubiri nifike hapo. "Uongo haukai. Mtu akiri, kisha aondoe kijiti chake."

"Basi nakiri. Kituko cha ngazi si kikubwa kihivyo."

"Kuliko cha nani?"

Akataka niseme. "Kuliko mjane na sufuria," nikasema. Nikatoa kijiti.

Hivyo ndivyo nilivyomuuza mlinzi, kipande kwa kipande, na kila kipande nilitakiwa kumlipia mjane sifa kamili. Tochi niliitoa kwa ile siku mjane alipolia kwenye msiba asioujua mpaka wafiwa wakampa nguo za marehemu. Usingizi wa wima niliutoa kwa ile siku alipokula posa ya wanaume wawili, akawaozesha wenzake. Kwenye mshahara wa kukopesha nilikwama, nikatoa jasho, hadi baba mkubwa akanisaidia: "Je, siku mjane alipomuuzia mwenye nyumba jogoo wa mwenye nyumba huyo huyo?"

Hapo, kama mfanyabiashara, nilisema kweli tupu. Yule mwanamke aliuza jogoo yule, akalalamika kwamba amepata hasara, akaongezewa. Nikasema ningekuwa na mwalimu kama huyo ningekuwa na duka mjini. Baba mkubwa akafurahi mno, akanitolea viwili kwa mkupuo. Kingine nikakitoa kwa chumvi yenyewe.

Kikabaki kimoja.

"Hicho nacho?" akauliza.

Ni kile cha geti. Mvua imeangusha ukuta wote wa nyumba, geti limebaki peke yake katikati ya uwanja, na mlinzi amelifunga kwa kufuli. Mwenye nyumba anarudi usiku, amesahau funguo. Angeweza kuzunguka hatua mbili akaingia. Hazunguki. Anabisha hodi, mlinzi anakataa kumfungulia, na wote wawili wanasimama pale na mvua inanyesha. Basi. Hakuna neno linalosemwa. Baba yangu siku ile alicheka mpaka akashuka kwenye benchi. Mwaka wa mwisho, alipokuwa hainuki kitandani, ukimwambia kwa Kirundi, "Baba, geti," mabega yanaanza.

Nilinyoosha mkono nikitoe, nikaurudisha. Nikamweleza baba mkubwa yote, na benchi, na kitanda.

Baba mkubwa akavua kofia. Nami, nisifiche, moyoni nilikuwa nahesabu: huruma hii inatosha kijiti kimoja, bila mjane.

"Mwanangu," akasema, na macho yake yalikuwa na maji ya kweli, "hicho hata mimi nisingekitoa. Kitu cha baba hakiondolewi. Kibaki pale pale."

Kikabaki. Kumi na moja. Nimefanya biashara tangu sina ndevu. Sijawahi kuona huruma ya bei ile.

Mdogo wangu alinitazama. Ng'ombe kumi, vijiti kumi na moja. Nikasema kwa sauti, kabla akili haijanizuia, "Wa kumi na moja natoa mimi." Baba mkubwa akanishika kwa mikono miwili, vigelegele vikapigwa tena, na mdogo wangu, ambaye hakuruhusiwa kusema, alilia kwa sauti. Kulia hawakumkataza.

Sasa wameoana, wanaishi vizuri, shemeji ananiletea maziwa ya mgando kila wakija. Mambo yote yamekwenda sawa isipokuwa ng'ombe wenyewe. Mimi sikuwa na ng'ombe. Aliyekuwepo ni mtamba wa mke wangu, aliyemnunua kwa pesa ya kikundi chao cha akina mama, na nilipomswaga kwenda Nyabusozi nilisema anakwenda kupandishwa kwa dume zuri la wakwe. Mke wangu ni mvumilivu. Lakini juzi ameniuliza dume gani hilo linalochukua muda wote huu, na Jumamosi anataka twende wote akamwone mtamba wake na ndama. Nimwambie ukweli, lakini nitauanzia wapi? Yeye katika mchezo ule hajawahi kumcheka mlinzi wala mjane. Yeye ni wa fundi cherehani, yule wa suruali moja isiyoisha. Ninyi mliooa zamani, na mliowahi kurudi nyumbani bila kitu cha mke, nishaurini kabla ya Jumamosi.