Wexcombe: gari la magurudumu matatu lililotaka kunikosesha ndoa yangu

Wakuu, habari za humu. Wengi wenu mna umri wa wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nazipokea kwa jumla: marahaba.

Naandika kwa simu, kidole kimoja, miwani imeshuka puani. Haya ni ya kweli na sitaongeza chumvi, maana yenyewe yana ya kutosha.

Nimepita kwenye uzi wenu wa magari adimu. Mmebishana kurasa nzima, mmoja akaja kutaja gari ambalo hata jirani yangu analo na anafugia bata ndani yake. Sasa niwaulize wataalamu: nani kati yenu amewahi kusikia Wexcombe?

Kimya. Nilijua.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado. Kwetu ni pale panapoitwa Songambele siku hizi, Kyerwa. Kulikuwa na mnunuzi wa kahawa aliyetoka Muleba, nitamwita Felisiani. Alikuwa na suti, kofia, na sauti ya mtu anayehutubia hata akiomba chumvi. Kilichopungua ni gari.

Mzungu mmoja wa migodi ya bati alikuwa anarudi kwao, akamuuzia Wexcombe. Waliokuwepo walisema mzungu yule alicheka njia nzima.

Gari lenyewe lilikuwa na magurudumu mawili nyuma na moja mbele. Bodi ya mbao, paa la turubai, injini ya kukohoa. Halikuwa na gia ya kurudi nyuma. Ukitaka kugeuza, watu wanainua pua wanaizungusha, wewe umekaa ndani unaelekeza.

Sisi jina lake lilitushinda, tukaliita Kikombe.

Sasa fikirieni barabara zetu. Malori ya kahawa yalikuwa yamechimba mifereji miwili, katikati pamebaki tuta la majani. Gari la magurudumu manne linafuata mifereji yake. Kikombe kile gurudumu la mbele kinaliweka wapi? Juu ya tuta! Kilikuwa kinatembea kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani.

Felisiani hakuona tatizo. Aliona tunamwonea wivu.

Mimi nilikuwa nimeposwa na Paulo, kijana wa ukoo wa wafugaji wa kule mbugani. Paulo alikuwa amepata kazi Uganda na siku ya pili baada ya harusi alitakiwa kuondoka. Padri naye alifika kanisa la Nkwenda mara moja moja, anabatiza, anafungisha ndoa, anaondoka. Tukikosa siku ile, ni kusubiri mwaka mzima, na Uganda wasichana walikuwepo wengi tu.

Mimi nilitaka kwenda kwa miguu na wanawake wenzangu, tukiimba. Tata, ndivyo tunavyomwita baba kule kwetu, akakataa.

"Binti yangu haendi kanisani kwa miguu kama anakwenda kuchota maji. Bwana Felisiani amejitolea."

Kujitolea kwenyewe kulikuwa kutaka kuonekana na bibi harusi, lakini tuyaache.

Asubuhi ya harusi mvua ilikuwa imenyesha. Nikapanda, gauni jeupe, viatu vya kuazima. Shangazi yangu akakaa pembeni na kikapu mapajani. Tata akafuata nyuma kwa miguu, kifua mbele, kana kwamba gari ni lake.

Tulifika bondeni. Gurudumu la mbele likateleza kutoka kwenye tuta, likazama kwenye mfereji, gari likalala upande na pua ikachoma tope. Kwenda mbele haliwezi. Kurudi nyuma, nimeshawaambia.

Vijana wa jirani wakaja kusukuma.

"Msishike taa!" Felisiani anapiga kelele, mwenyewe hajashuka. "Msishike hapo, rangi! Bibi harusi usitoke, gari litakuwa jepesi!"

Wakuu, gari limekwama kwa uzito, na dereva anaogopa litakuwa jepesi.

Wale wanawake niliotaka kwenda nao wakatupita wakiimba. Hata hawakupunguza mwendo. Nilitamani kulia, ila nilimwogopa Tata.

Mara tukamwona Paulo anakuja kutoka Nkwenda, fimbo begani, suruali imekunjwa. Akalizunguka gari taratibu kama anamkagua ndama mgonjwa.

"Huyu," akauliza, "mguu wake mwingine wa mbele uko wapi?"

Shangazi akacheka mpaka kikapu kikaanguka.

Paulo akaniangalia. "Padri anamalizia ubatizo. Akimaliza anaondoka."

Nikavua viatu, nikakusanya gauni, nikashuka.

"Rudi ndani!" Tata akasema. "Watu wanatutazama."

Sikuwa nimewahi kumjibu Tata maishani mwangu. Siku ile nilimjibu.

"Tata, mimi naolewa na Paulo. Felisiani na gari lake wameshaoana zamani."

Felisiani akapiga honi, sijui alikuwa anamkatalia nani. Tukaondoka, mimi, Paulo na shangazi. Baadaye nikasikia hatua nyuma yetu. Alikuwa Tata, amebeba viatu vyangu.

Padri tulimkuta anafunga mzigo. Akaangalia tope lililotufika magotini.

"Mmetoka kulima?"

"Tumetoka kutazama gari, Padri," Paulo akajibu.

Akafungua mzigo, akatufungisha ndoa.

Tunakula chakula cha harusi pale pale Nkwenda, tukasikia honi. Vijana wamelibeba Kikombe mabegani, na Felisiani bado yumo ndani! Lilionekana kama jeneza ambalo marehemu anapiga honi. Likashushwa mbele yangu, akataka nipande halafu nishuke, watu waone.

Tata ndiye aliyemjibu. "Bwana Felisiani, shuka ule. Ndizi zinapoa."

Paulo alikwenda Uganda, akarudi. Tumeishi pamoja mpaka Mungu alipomchukua, na hatukuwahi kumiliki gari. Kikombe kilifia Nkwenda. Gurudumu la mbele lilitengenezewa toroli, na hapo ndipo lilipofanya kazi yake ya kwanza ya maana.

Somo langu ni hili: mtu akikuambia ukae humo humo kwa sababu watu wanatazama, angalia kwanza kama kitu chenyewe kinatembea. Iwe gari, kazi au mchumba.

Karibuni kwa comment. Mwenye picha ya Wexcombe aiweke. Na wewe unayetaka kunifundisha injini yake ilikuwa ya aina gani, tafadhali njoo usukume kwanza.