Kunguru wa Nana Kelshikar

Akka hakuwahi kula chakula chake kikiwa cha moto. Alifiwa na mume akiwa bado msichana, akarudishwa Wai, mji wetu huku India, kwa mdogo wake wa kiume, Nana Kelshikar, akakabidhiwa jiko. Akazeekea humo.

Nana, nani asiyemjua? Aliandika vitabu kwamba nchi hii ni ya Wahindu, wengine wakae kwa adabu au waondoke. Umati ulimshangilia. Mtaani kwetu yule Mwislamu mchambua pamba akaacha kupita, tukalalia magodoro magumu. Sikumsamehe Nana hilo.

Alipofariki, Akka alinionyesha tiketi ya basi aliyoifunga kwenye pindo la sari. "Shoga, naenda Guhagar, kule baharini, kwa dada yetu. Na mimi nipikiwe!" Akacheka, kisha akaona haya.

Siku ya kumi ya msiba tukaenda mtoni kuweka mabonge ya wali. Kunguru wakila, marehemu ametulia. Wasipokula, kuna kitu anakitaka, na walio hai lazima waahidi. Nana mwenyewe aliyadharau hayo: "Kunguru ana njaa tu, nyie!"

Kunguru walijaa kwenye ukuta wa mtoni, hakuna aliyeshuka wala kulia.

"Nana, tutakujengea sanamu!" wakaahidi vijana wafuasi wake.

Kunguru wakabaki ukutani.

"Tutaisafisha nchi!"

Kunguru mmoja akajikuna.

Jua likapanda. Kuhani akasema, "Akka, jaribu wewe."

Akasogea. "Mdogo wangu, nenda salama. Taa yako tutaiwasha kila jioni."

Vichwa vyote vyeusi vikamgeukia yeye. Niliuona mkono wake ukilishika lile pindo.

"Akka, usiseme!" nikamvuta.

"Niache. Namjua huyu." Akainua uso. "Haya, siendi popote. Nakuja huko huko nikupikie."

Wakashuka wote kwa mpigo.

Vijana wakapiga makofi, eti Nana ametulia. Njiani Akka akanikabidhi tiketi. "Ngoja nikaloweke dengu," akasema. "Anazipenda laini."

Tulichoma maiti yake kabla ya siku ya safari.

Siku yake ya kumi, hakuna kunguru hata mmoja aliyekuja. Nilimwahidi Guhagar, nikamwahidi bahari, nikamwahidi kwamba hatashika mwiko tena. Nilimtukana Nana kwa sauti, kuhani akaziba masikio. Wali ukakauka juani, ukuta mtupu. Akka alikuwa bado yuko kazini.