Marahaba Niliyoielewa Mimi

Najitolea kuwapeleka wazee hospitali kwa gari langu, na kwa kujisifu sijambo. Mimi mgeni, Kiiraqw, lugha ya wenyeji, sijui, lakini mtu mwema kama mimi lugha ya nini?

Juzi, kijijini Nambis, nilikoitwa kumchukua mzee mwenye mguu mbovu, nikamkuta mzee barabarani na fimbo.

"Shikamoo babu! Ni wewe mwenye mguu mbovu?"

"Marahaba."

Nikambeba, nikamfunga mkanda. Akanyoosha fimbo bondeni. Nikajua anaaga nyumbani. Njia nzima nilimsimulia wema wangu, akaitikia marahaba tu. Msikivu kweli!

Hospitali, nesi akamsemesha Kiiraqw, kisha akanigeukia. "Huyu haumwi. Anauliza kwa nini umemtoa machungani."

Simu yangu ikaita.

"Dereva, ni mimi mzee wa mguu, bado nakusubiri. Halafu ng'ombe wasio na mchungaji wanamaliza mahindi yangu, na kuwafukuza siwezi."