Siku Wifi Aliporuka Mara ya Pili

Kiwandani walimwita Mama Mkanda, kwa sababu kwa miaka kumi na sita alikuwa akishona kitu kimoja tu, mikanda ya mabegi ya shule. Begi likirudishwa na mteja kwa kukatika mkanda, msimamizi hakuuliza mara mbili. Alijua halikupita kwenye cherehani yake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye tabia ya kuvuta kila kitu kwa nguvu kabla ya kukiamini. Watu tu ndio hakuwavuta.

Dada wa mumewe alikuwa msusi, na ulimi wake ulivuta wateja kuliko vidole vyake. Wengine hulalamika kuhusu wifi zao. Hawa wawili walikuwa chanda na pete. Mama Mkanda alipotimiza miaka arobaini, wifi alimletea bahasha yenye tiketi mbili za kuruka kutoka kwenye ndege, kila mmoja akiwa amefungwa kifuani kwa mwalimu.

"Hatujawahi, wote wawili," alisema. "Tukifa, tumekufa pamoja. Kaka yangu ataoa mke mpya na kutafuta dada mpya."

Mume akacheka hapo kwenye kochi. "Mimi msinihesabu. Hata nikipanda kiti kubadilisha balbu naona kizunguzungu."

Kwa wiki mbili wifi alikuwa akipiga simu kila jioni. Mara ameota wamenasa kwenye mti, mara anataka waahirishe. Mama Mkanda ndiye aliyekuwa akimtia moyo.

Jumamosi asubuhi walifika uwanjani, kwenye ofisi ndefu yenye mabenchi, mizani ya kupimia watu na miwani ya plastiki iliyotundikwa kwenye misumari. Wifi alikwenda msalani. Binti wa mapokezi alichukua fomu zao, akabonyeza kompyuta, akasema, "Huyu mwenzako hana haja ya kujaza. Taarifa zake tunazo."

"Atakuwa mwingine wa jina hilo."

"Namba ya simu ni hii hii. Aliruka na kaka yake mwaka jana, mwezi wa nane, tarehe kumi na nne." Akageuza kioo cha kompyuta. "Namkumbuka kaka mtu. Alitapika, halafu akaomba kuruka tena."

Pichani, wifi na kaka yake walikuwa wamesimama bega kwa bega, miwani ipo kwenye paji la uso, wanacheka mpaka ufizi. Mume alivaa shati la mistari ambalo Mama Mkanda mwenyewe alikuwa amelipiga pasi.

Tarehe ile hakuhitaji kukumbushwa. Mama mkwe alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa macho, na wanawe wawili waliaga kwamba wanakwenda kumzika rafiki wa zamani wa marehemu baba yao, mbali, watalala huko. Mama Mkanda aliomba ruhusa kazini. Siku mbili alimshika mama mkwe mkono mpaka msalani, akamlisha kwa kijiko, akalala sakafuni kando ya kitanda chake. Waliporudi aliwapa pole, na wote wawili waliipokea.

Wifi alirudi akijifuta mikono kwenye sketi. Akaiona picha, akasimama.

"Marehemu alizikwa salama?" Mama Mkanda aliuliza.

"Wifi, ngoja nikueleze. Kaka alisema ukijua tunakwenda kustarehe hutakubali kubaki na mama."

"Mliniuliza?"

Wifi akainama. "Ndiyo maana nimekuleta leo. Nilitaka kulifuta lile."

"Na zile simu za kila jioni?"

"Nilitaka tuogope wote, iwe safari yetu wawili."

Walimu wakaita majina. Angeweza kurudi nyumbani, hata mkoba alikwisha kuuweka begani. Lakini aliona akiondoka, wao watakuwa wameruka na yeye atakuwa mtu wa kubaki tena. Akaushusha mkoba.

Mwalimu wake, pande la mtu lenye sauti ya chini, alimfunga mikanda mabegani na mapajani. Mama Mkanda akaivuta mmoja mmoja, akaukagua mshono kwa kucha.

"Una wasiwasi, mama?"

"Hapana. Aliyeshona hapa anajua kazi."

Ndani ya ndege wifi alikaa mbele yake, magoti yamegusana. Alinyoosha mkono kuushika wa Mama Mkanda, naye akauficha wake chini ya paja. Mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia, na mwalimu akasogea naye ukingoni.

Waliporuka, upepo ulimjaa kinywani. Hakupiga kelele. Mashamba yalilala chini kama vitambaa juu ya meza ya kukatia, mto ukipita katikati, na kwa muda mfupi mwili wake haukuwa na uzito wowote. Ilikuwa nzuri kupita alivyodhani, na hilo ndilo lililomchoma. Lingekuwa jambo la ovyo, angewasamehe huko huko angani.

Mwavuli ulifunguka, wakatulia. Mwalimu akamwona anapangusa chini ya miwani.

"Wengi hulia kwa furaha," alisema.

"Ni upepo."

Njiani kurudi wifi alizungumza peke yake, mwisho akachoka. Mume aliwasubiri mlangoni. Bila shaka alikwisha kupigiwa simu, maana hakuuliza habari za safari. Wifi hakuingia.

"Mke wangu, nimekosa," alisema mume.

"Mama alijua?"

"Alijua. Alisema twende tukapunguze mawazo."

Mama Mkanda alikaa kwenye mkono wa kochi, akaanza kufungua kamba za viatu. Fundo lilikuwa limekaza. Alilihangaikia hadi likaachia.

"Mlipotua," alisema bila kumtazama, "mlinitaja hata mara moja?"

Mume akatikisa kichwa.

Mama Mkanda akavua viatu, akavibeba mkononi, akaenda kulala kwenye chumba cha watoto.